Kocha Aliyesubiri Misimu 25

Hotuba kwa makocha wa vijana na walimu wa michezo, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa.

Makocha wenzangu, walimu wa michezo, viongozi wa vilabu mliokaa mstari wa mbele, na nyinyi wazazi mliotupa Jumamosi yenu, asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mchezaji anayegeuka kuwa kocha. Nimechagua mtu wa besiboli, Mmarekani, ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Anaitwa Johnnie B. Baker, na kila anayeujua mchezo huo anamwita Dusty. Nimemchagua kwa makusudi. Nikimtaja hapa kocha wa Simba au wa Yanga, nusu ya ukumbi itaanza kumtetea na nusu nyingine itaanza kumshambulia kabla sijamaliza sentensi. Kwa Dusty Baker hakuna hapa mwenye ushabiki, basi tunaweza kuitazama kazi yenyewe.

Besiboli nayo si ngeni kabisa kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla yake timu nyingine ya Uganda ilikuwa imeshafuzu, ikanyimwa viza. Hapa kwetu Tanzania, Wajapani wametusaidia kuupeleka mchezo huu mashuleni, na naona baadhi ya walimu waliofundishwa nao wamo humu ndani. Wengine nitawaeleza kwa kifupi. Mchezo una raundi tisa. Mrushaji wa timu moja anarusha mpira, mpigaji wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo na kuzunguka vituo vinne ili apate alama. Mpira ukipigwa ukavuka uzio wa uwanja, mpigaji anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu. Kocha mkuu anaitwa meneja. Anaweza kuingia uwanjani mwenyewe, kumfuata mrushaji wake na kuuchukua mpira mkononi mwake, na mchezaji akishatolewa harudi tena. Na ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kwa miezi sita. Wenye timu za soka mnaolalamika mkicheza Jumatano na Jumamosi, liwekeni hilo akilini.

Dusty alizaliwa Riverside, California, tarehe 15 Juni 1949, mtoto wa kwanza kati ya watano. Jina la Dusty alipewa na mama yake, kwa vile alikuwa habanduki kwenye vumbi la uani. Kocha wake wa kwanza alikuwa baba yake mzazi, naye alikuwa mkali. Alimwondoa mwanawe kwenye timu ya watoto zaidi ya mara moja kwa sababu ya hasira zake. Wenye kufundisha watoto wenu wenyewe mnajua uamuzi wa namna hiyo una uzito gani jioni mkikaa mezani kula.

Mwaka 1967 klabu ya Atlanta Braves ikamchagua, tena katika raundi ya 26 ya uteuzi wa vijana, maana yake walikuwa wameshachaguliwa vijana mamia kabla yake. Sasa fikirini. Kijana mweusi wa California, miaka 18, anakwenda kuishi na kucheza kusini mwa Marekani mwaka 1967. Sheria ya Haki za Kiraia ilikuwa na miaka mitatu tu. Kuna miji ambayo sheria ilikuwa imebadilika na watu bado. Mama yake alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Aliyemtuliza ni Hank Aaron, nyota mkubwa kuliko wote wa Braves, aliyemwahidi mama huyo kwamba atamtazama kijana kama mwanawe wa kumzaa.

Ahadi ile aliitimiza. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mimi naamini ukocha wa Dusty Baker ulianza siku ile, miaka 26 kabla hajapewa timu ya kuiongoza.

Aaron alikuwa anaikaribia rekodi ya Babe Ruth, mapigo 714 ya kuvuka uzio. Babe Ruth alikuwa mzungu, na kuna watu hawakutaka kabisa mtu mweusi aipite. Barua za matusi zilikuja kwa magunia, na ndani yake vitisho vya kumuua. Aaron akaendelea kuja kazini, akaendelea kupiga. Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, akapiga la 715. Mpigaji aliyefuata zamu, aliyekuwa amesimama pembeni na gongo mkononi akiyatazama yote yale, alikuwa Dusty Baker, miaka 24. Kozi za ukocha zina thamani, nami nazifundisha. Lakini hakuna kozi inayoweza kumwonesha kijana jinsi mtu mzima anavyobeba mzigo kama ule kila siku bila kuwageuzia hasira wadogo zake. Hilo huonekana kwa kukaa karibu na mtu. Aaron alimpa nafasi ya kukaa karibu.

Maisha yake ya uchezaji nitayapita haraka, ingawa yalikuwa mazuri. Baada ya msimu wa 1975 alihamia Los Angeles Dodgers. Siku ya mwisho ya msimu wa 1977 alipiga pigo lake la 30 la kuvuka uzio, na Dodgers wakawa timu ya kwanza kuwa na wachezaji wanne waliofikisha 30 katika msimu mmoja. Alipokuwa anarudi, mwenzake Glenn Burke alikuwa ameinua mkono juu kumsubiri, na Dusty akaugonga. Watu wengi wa michezo wanasimulia kwamba pale ndipo mtindo ule ulipoanza. Watoto wenu uwanjani wakisema "nipe tano", wanafanya walichofanya Burke na Baker. Mwaka 1981 alitwaa ubingwa na Dodgers. Alimaliza mwaka 1986 akiwa na Oakland, na jumla ya mapigo safi 1,981, yaani yaliyomfikisha salama kituoni. Yalibaki 19 tu kufika 2,000.

Akaacha, akaenda kufanya kazi ya kununua na kuuza hisa. Halafu San Francisco Giants wakamwita. Sikilizeni cheo walichompa: mwaka 1988 alikuwa kocha wa kituo cha kwanza. Huyo ni msaidizi anayesimama pembeni ya mstari na kumwambia mkimbiaji akimbie au asikimbie. Mtu aliyekuwa nyota wa Dodgers, bingwa wa 1981, anasimama pembeni kusema kimbia, simama. Mwaka uliofuata akawa kocha wa upigaji, na hapo akakaa hadi 1992. Miaka mitano kwenye benchi la ufundi, chini ya mtu mwingine, akijifunza tabia za watu.

Hapa kwetu mchezaji aliyetamba akistaafu leo, kesho anataka timu. Na nyinyi viongozi mnampa, kwa sababu jina lake linajaza uwanja. Miezi mitatu baadaye kibarua kimeota nyasi, na tumempoteza mtu ambaye labda angekuwa kocha mzuri sana kama angekaa miaka kadhaa akibeba koni na kuwasikiliza wachezaji wa akiba. Uchezaji mzuri humfundisha mtu mwili wake yeye. Mwili na moyo wa mwenzake hajaujua bado.

Giants walimkabidhi timu mwaka 1993. Msimu uliotangulia walikuwa wamepoteza mechi 90, na klabu nusura ihamishiwe Florida. Wamiliki wapya wakaingia, wakamsajili Barry Bonds, wakampa Dusty usukani. Akashinda mechi 103. Mechi 103 katika msimu wa kwanza wa maisha yake kama kocha mkuu! Na hazikutosha. Siku ya mwisho Giants walifungwa 12 kwa 1 na Dodgers, klabu yake ya zamani, na Atlanta Braves, klabu yake ya kwanza, wakamaliza na ushindi 104. Enzi hizo mshindi wa kundi peke yake ndiye aliyeendelea kwenye mtoano. Timu iliyoshinda mechi 103 ikarudi nyumbani. Dusty akachaguliwa meneja bora wa mwaka wa ligi yake, tuzo aliyoichukua tena 1997 na 2000.

Kwa nini wachezaji walimfuata? Nimesoma na kusikiliza mengi juu yake, na jambo linalojirudia ni kwamba alimjua kila mmoja. Anaongea Kihispania, kwa hiyo mchezaji kutoka Jamhuri ya Dominika au Venezuela hakuhitaji mkalimani ili kulia mbele ya kocha wake. Wachezaji wa akiba hakuwaacha waote kutu: aliwapanga mapema katika msimu, kwenye mechi za kawaida, ili siku wakihitajika miguu iwe na joto. Alikuwa mtu wa kukaa na mzee na kijana, mweusi na mzungu na Mlatino, na kila mmoja akaona anakaa na mtu wake. Kwa Giants alikuwa na nyota wawili, Bonds na Jeff Kent, ambao hawakupendana hata kidogo. Juni 2002 walisukumana ndani ya benchi, mbele ya kamera, na Dusty akaingia katikati kuwatenganisha. Timu nyingine ingevunjika. Ile ilifika fainali mwaka huohuo.

Fainali yenyewe wanaiita World Series, na anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Giants walikuwa wameshinda tatu dhidi ya Angels. Mechi ya sita, raundi ya saba, wanaongoza 5 kwa 0. Wamebakiza wapigaji wanane tu wa kuwatoa ili wawe mabingwa. Mrushaji wao, Russ Ortiz, anaruhusu mapigo mawili mfululizo. Dusty anatoka benchini, anamtoa Ortiz, na anamrudishia mpira ule aende nao kama kumbukumbu ya kazi nzuri. Mrushaji aliyeingia akapigwa na Scott Spiezio pigo la kuvuka uzio, alama tatu zikaingia kwa mkupuo. Raundi iliyofuata Angels wakapata tatu nyingine. Ikaisha 6 kwa 5, na mechi ya saba nayo wakapoteza.

Mpaka leo kuna wanaomcheka kwa ule mpira aliomrudishia Ortiz. Wanasema alisherehekea mapema, akawachokoza wapinzani. Mimi sikubaliani nao. Kijana alikuwa amerusha mechi ya maisha yake na kocha akamheshimu. Spiezio aliupiga mpira mwingine, uliorushwa na mtu mwingine. Tukianza kuwafundisha makocha wetu kwamba kumheshimu mchezaji ni bahati mbaya, tutazalisha makocha wa namna gani?

Baada ya fainali ile Giants hawakuendelea naye. Kocha aliyewafikisha mechi ya saba ya fainali! Mwezi Desemba mwaka uliotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, na alirudi kazini kabla msimu haujaanza. Nalitaja kwa sababu wanaume tulio wengi humu ndani tuna umri wa kupima, na wengi hatujapima.

Akaenda Chicago Cubs. Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Katika msimu wake wa kwanza, 2003, aliwafikisha hatua moja kabla ya fainali, dhidi ya Florida Marlins. Mechi ya sita, nyumbani, raundi ya nane, wanaongoza 3 kwa 0, wamebakiza watu watano wa kuwatoa. Halafu shabiki mmoja akanyoosha mkono kuudaka mpira uliokuwa unaangukia jukwaani, mchezaji wa Cubs akaukosa, na dunia nzima ikamlaumu yule shabiki. Marlins wakapata alama nane katika raundi ile moja. Lawama kwa yule bwana zilikuwa ukatili mtupu. Baada ya tukio lile, mchezaji wa Cubs aliuangusha mpira mwepesi ambao ungeweza kuizima raundi ile.

Kuna swali gumu zaidi, na ninyi mnaofundisha watoto lazima mlikabili. Mrushaji aliyekuwa uwanjani raundi ile ni Mark Prior, kijana wa miaka 23, mmoja wa warushaji bora kabisa wa kizazi chake. Septemba ile Dusty alimwacha arushe mirusho mingi mno, mara kadhaa zaidi ya 120 katika mechi moja. Mwaka 2006 Prior alirusha mechi yake ya mwisho ya ligi kuu. Bega lilikuwa limekwisha. Wakosoaji wanasema Dusty aliuunguza mkono wa kijana yule, na wa mwenzake Kerry Wood.

Sitamtetea kwa upofu. Prior aligongana na mchezaji wa Atlanta, Marcus Giles, Julai ya 2003 na akaumia bega, na mwaka 2005 mpira uliopigwa ulimvunja karibu na kiwiko. Kwa hiyo si kocha peke yake. Prior mwenyewe amesema hadharani kwamba hamlaumu Baker. Makocha wengi wa wakati ule walifanya vivyo hivyo. Hata hivyo, mirusho ile ilikuwa mingi mno kwa mkono wa kijana, na mtu wa mwisho mwenye uwezo wa kusema basi, inatosha, alikuwa meneja. Little League waliweka kikomo cha mirusho kuanzia 2007: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuvuka 85 kwa siku. Nanyi wa soka msijione mmepona. Mtoto wa miaka 14 anayechezea shule, kata na akademi katika wiki moja, magoti yake hayana anayeyahesabia. Prior, niwaambie, akawa kocha wa warushaji wa Dodgers, na akawa kwenye benchi lao la ufundi walipotwaa ubingwa wa 2020. Mtu aliyeumia kwa mchezo ndiye sasa anayewalinda wengine.

Cubs wakaachana na Dusty baada ya 2006. Cincinnati Reds wakamchukua 2008, akawafikisha mtoano mara tatu. Mwaka 2012 akapata kiharusi kidogo mwezi Septemba, akarudi, timu ikaongoza 2 kwa 0 katika mtoano wa mechi tano, ikapoteza tatu mfululizo nyumbani. Aliyewafunga ni Giants. Mwaka 2013 akafungashiwa virago. Washington Nationals wakampa misimu miwili, 2016 na 2017, akashinda 95 na 97, akatolewa kwenye mechi ya tano mara zote mbili, na mkataba haukuongezwa.

Sasa tazameni kilichofuata alipotoka katika klabu tatu kati ya hizo. Giants walitwaa ubingwa 2010, 2012 na 2014 wakiwa na Bruce Bochy. Cubs walitwaa 2016, baada ya miaka 108. Nationals walitwaa 2019. Yeye hakuwemo katika picha hata moja ya hizo, na msimu wa 2018 wala wa 2019 hakuna klabu iliyompa timu ya kuiongoza. Alikuwa na miaka 70. Magazeti yalikwishaandika hukumu: meneja mzuri wa msimu, asiyejua kumaliza.

Viongozi wa vilabu, hapa nasema nanyi moja kwa moja. Hukumu hiyo ndiyo mnayoitoa kwetu kila mwaka. Mechi tatu za kufungwa na barua iko mezani. Mnapima mavuno bila kuuliza nani alilima shamba. Vijana waliolelewa na kocha mmoja wanakuja kukomaa mikononi mwa mwingine, na picha ya kombe anapigwa yule mwingine. Simaanishi kocha asifukuzwe kamwe. Yupo anayestahili, na watoto wanastahili kuokolewa naye. Nasema mtu aliyegeuza kila chumba cha kubadilishia nguo alichoingia kuwa mahali pa watu wazima kuheshimiana, huyo ana thamani hata kabla ya kombe, na mwenye klabu asiyeiona thamani hiyo hajui anachomlipia kocha.

Aliyekuja kuiona alikuwa klabu yenye aibu. Novemba 2019 ilifichuka kwamba Houston Astros, mabingwa wa 2017, walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani na kupiga pipa la taka ili kumjulisha mpigaji wao mpira gani unakuja. Januari 2020 ligi ikawafungia meneja na mkurugenzi wao mwaka mzima, ikaitoza klabu dola milioni 5, na mwenye klabu akawafukuza wote wawili siku hiyohiyo. Wachezaji wakabaki. Kila uwanja ulikuwa unasubiri kuwazomea. Walihitaji mtu ambaye hata adui yake angemwamkia kwa heshima, na mtu huyo alikuwa nyumbani. Mwisho wa mwezi ule wakampa kazi Dusty Baker.

Yeye hakuwa na kosa lolote katika udanganyifu ule. Alikubali tu kwenda kusimama mbele ya watu waliokosa na kupokea mazomeo pamoja nao. Nyinyi walimu mnaopewa darasa lililoshindikana mnaielewa kazi hiyo kuliko waandishi wa habari.

Hank Aaron alifariki Januari 2021. Oktoba ya mwaka huo Dusty aliifikisha Houston fainali, na waliokutana nao walikuwa Atlanta Braves, wakiongozwa na Brian Snitker, mtu mwingine ambaye Aaron alimfungulia mlango wa ukocha. Wanafunzi wawili wa mzee mmoja, kila mmoja kwenye benchi lake. Atlanta wakashinda kwa mechi sita. Fainali ya pili kwa Dusty kama meneja, na ya pili kupoteza.

Tarehe 3 Mei 2022 akafikisha ushindi wa 2,000, meneja wa kwanza mweusi kufika hapo na wa 12 katika historia yote ya ligi. Kuna kitu cha kukumbuka hapa. Jackie Robinson alivunja ukuta wa rangi kama mchezaji mwaka 1947. Mtu mweusi wa kwanza kupewa timu kuiongoza, Frank Robinson wa Cleveland, aliipata 1975. Miaka 28! Walikuwa tayari kumlipa mtu mweusi akimbie na apige, na wakachukua miaka 28 kukubali kwamba anaweza kuamua. Cito Gaston wa Toronto akawa wa kwanza kutwaa ubingwa, 1992, akaurudia 1993. Kila mmoja wao alikuwa anamfungulia aliyefuata.

Fainali ya 2022 ilikuwa dhidi ya Philadelphia Phillies. Mechi ya tatu Houston walichapwa 7 kwa 0, wakapigwa mapigo matano ya kuvuka uzio. Sasa wako nyuma 2 kwa 1, ugenini. Mechi ya nne akamwanzisha Cristian Javier, kijana wa Jamhuri ya Dominika. Javier akarusha raundi sita bila kuruhusu pigo safi hata moja. Katika historia ya World Series ilikuwa imewahi kutokea mara moja tu mrushaji kumaliza mechi bila kuruhusu pigo, mwaka 1956. Kijana yuko mlangoni mwa historia. Mirusho yake imefika 97. Dusty akamtoa.

Nataka muuone ule uamuzi. Ni mtu yuleyule aliyelaumiwa kwa kumtoa Ortiz mapema, na aliyelaumiwa kwa kumwacha Prior muda mrefu. Kelele zote za miaka 20 alikuwa nazo kichwani. Kama angeongozwa na woga wa lawama, angemwacha Javier, kwa sababu hakuna ambaye angemlaumu kwa kumwacha. Aliutazama mkono wa kijana, akawatazama warushaji wake wa akiba, akaamua. Watatu kati yao wakamaliza raundi tatu zilizobaki, nao bila kuruhusu pigo. Houston 5, Phillies 0.

Wakashinda na ya tano. Usiku wa tarehe 5 Novemba 2022, mechi ya sita, Yordan Álvarez akaupiga mpira ukapita juu ya ukuta wa katikati, Houston wakashinda 4 kwa 1. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Jeremy Peña, kijana wa msimu wa kwanza aliyekabidhiwa nafasi ya nyota aliyeondoka. Dusty Baker akawa bingwa katika msimu wake wa 25 wa umeneja, miaka 73, mzee kuliko meneja yeyote aliyewahi kuushinda ubingwa huo. Fainali ile haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja mzaliwa wa Marekani katika timu zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu 1950, na bila shaka hilo lilimuuma mtoto huyu wa Hank Aaron.

Alistaafu umeneja Oktoba 2023 akiwa na ushindi 2,183, wa saba katika historia wakati huo, na ndiye meneja wa kwanza kuzifikisha klabu tano tofauti kwenye mtoano. Giants wakamrudisha 2024 awe mshauri wao. Septemba ya mwaka huo mwanawe Darren aliingia ligi kuu na Nationals, akapiga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa, pigo safi.

Ratiba inasema tunakunywa chai, kisha tunaingia uwanjani. Naomba kila kocha aje na karatasi yenye majina mawili ya watoto wa timu yake: anayemtumia kupita kiasi, na ambaye hajamchezesha mwezi huu. Tutaanza na huyo wa pili, na kila mtu atueleze anamjua vipi: anakaa na nani, anapenda nini, anaogopa nini. Viongozi wa vilabu nanyi mnakaribishwa, mlete jina la kocha wenu msaidizi.

Asanteni sana. Nakaribisha maswali.